Bima ya Gari Isiachwe Ikakatika

Kila bima ya gari inapokaribia mwisho wake, huzuka katika nyumba nyingi za mkoa wetu swali moja ambalo si desturi kulisema hadharani. Swali lenyewe ni hili: je, kuna ubaya gani mtu akiiacha bima ikakatika kwa siku chache, akasubiri mpaka apate fedha, ndipo akate nyingine? Huulizwa Musoma mjini katika gereji na vituo vya magari. Huulizwa Bunda na Butiama. Huulizwa pia na ndugu zetu wa Ukerewe, ambao magari yao huvuka maji kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi na kuingia katika barabara zetu. Kwa kuwa swali hili linagusa roho za watu, tumeona tulizungumze waziwazi.

Hatupendi kuanza kwa kumlaumu mtu. Anayeuliza swali hili mara nyingi si mhalifu. Ni mtu mwenye gari moja, au pikipiki moja, na mahitaji mengi. Ada ya bima huja mara moja kwa mwaka, tena yote kwa pamoja, na haiangalii kama mwezi huo kuna karo ya mtoto au msiba. Mkulima wa pamba wa Bunda hungoja msimu wa ununuzi ndipo ashike fedha. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikishapevuka, karabai na taa huzimwa, mitumbwi hupumzika ufukweni na mifuko hukauka. Bima yake ikimalizika katika siku hizo za mbalamwezi, mawazo ya kuacha pengo humjia bila kuyaita. Haya tunayaelewa.

Lakini tukishaelewa, hatuna budi kupiga hesabu. Kwa viwango tulivyovizoea miaka ya karibuni, bima ndogo ya gari la binafsi ni shilingi 100,000, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inakuwa shilingi 118,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa siku 365, kila siku inagharimu shilingi 323 hivi. Pikipiki, kwa shilingi 59,000 pamoja na kodi, inagharimu shilingi 162 hivi kwa siku. Basi mwenye gari anayeacha pengo la siku 10 ameokoa shilingi 3,233. Akifanya hivyo kila mwaka kwa miaka 10, akiba yake yote ni shilingi 32,330. Hiyo ndiyo faida nzima ya jambo tunalolijadili. Hatusemi kwamba shilingi 3,000 si fedha, maana tunawajua watu ambao fedha hiyo ni chakula cha siku. Tunasema ipimwe na kile kinachowekwa rehani kwa ajili yake.

Kinachowekwa rehani, kwanza, ni heshima ya sheria. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169 ya sheria zetu, inakataza mtu kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya kulipia kifo au majeraha ya watu wengine. Tena haimkatazi dereva peke yake, bali inamkataza pia mwenye chombo kumruhusu mtu mwingine akitumie. Sheria hiyo haina kifungu cha huruma cha siku 3 wala cha siku 10. Bima iliyokwisha saa sita usiku imekwisha. Alfajiri yake mwenye gari ni sawa na mtu ambaye hakuwahi kukata bima maishani mwake. Faini na kifungo vimewekwa kwa ajili ya wote wawili, na hakimu halazimiki kusikiliza kwamba fedha ilikuwa njiani.

Wako wanaodhani kwamba bima ikikatwa baadaye hurudi nyuma na kuziba pengo. Dhana hiyo ni ya hatari. Bima haiponyi ajali iliyokwisha kutokea. Huanza saa iliyoandikwa, ada ikiwa imekwisha kulipwa, na siku hizi saa hiyo imo katika mtambo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, si katika karatasi ya wakala peke yake. Askari wa usalama barabarani, na hata mwananchi wa kawaida mwenye simu, anaweza kuingiza namba ya usajili wa gari akaona kama bima ipo hai au imekufa. Zile siku za stika ya kubandika kiooni, ambayo mtu aliweza kuificha tarehe yake kwa vumbi, zimepita.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza. Watu wengi hudhani kwamba bima ndogo wanaikata kwa faida ya trafiki. Wengine hudhani wanaikata kwa faida yao wenyewe, na wakiona haitengenezi gari lao likigongwa, husema haina maana. Ukweli ni kwamba bima ndogo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari wala gari lake. Imewekwa kwa ajili ya mtu wa kando: mtoto anayetoka shule, mama mwenye beseni la samaki kichwani, mwendesha baiskeli anayetoka mnadani. Mtu huyo hakuchagua gari wala dereva, na hakuulizwa kama pengo la siku 10 linampendeza. Anayeliacha pengo hilo huwa anacheza kamari, lakini fedha aliyoiweka mezani si yake.

Tuchukue mfano. Katika barabara ya kutoka Bunda kupitia Kibara kwenda Kisorya, gari linamgonga kijana na kumvunja mguu. Inatolewa fomu ya PF3, kijana anapelekwa hospitali, na kama mfupa umeharibika sana anapelekwa Musoma au Bugando, Mwanza. Ndugu wanaanza kuuza mbuzi, kisha ng'ombe. Kama gari lile lina bima, familia inaweza kudai fidia, na mahakama ikishatoa hukumu, kampuni ya bima ina wajibu wa kuilipa. Kama bima ilikwisha wiki iliyopita, mdaiwa ni mwenye gari peke yake. Naye ni yule yule aliyeshindwa kupata shilingi 118,000. Atalipa nini? Huenda akauza gari lenyewe, nalo likiwa limepondeka halitatosha. Hapo hukumu ya mahakama inabaki kuwa karatasi tu, na familia mbili zinafilisika pamoja.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, lakini haikusemwa kwamba ajali haina mlipaji. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba damu na kiungo cha mtu vina diya, na kwamba mzigo wa diya ya aliyeua bila kukusudia hubebwa na jamaa zake kwa pamoja ili usimponde mmoja. Tulifundishwa pia kwamba kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga mnyama wake. Bima ya leo ina taratibu nyingine, lakini haja inayoitimiza ni ile ile: wengi wachange kidogo ili mmoja asiangamie.

Wazo hilo si geni katika siasa ya nchi yetu. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara ya bima ikawekwa mikononi mwa umma. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, na wenzake waliona kwamba fedha za tahadhari za wananchi zisiwe faida ya wachache walioko ng'ambo. Utaratibu huo ulibadilika. Sheria ya Bima ya mwaka 1996 iliruhusu makampuni binafsi, na Sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima tuliyo nayo sasa. Hata hivyo, katika mabadiliko yote hayo, sharti la kumkinga mtu wa kando halikuondolewa. Serikali ya kikoloni ililiweka, Serikali ya TANU ikalishika, na soko huria likalirithi.

Watatuambia baadhi ya wasomaji: sisi hatuna nia ya kuendesha, gari tutaliegesha nyumbani mpaka bima mpya ipatikane. Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu la haki. Sheria yetu inazungumzia matumizi ya chombo barabarani. Gari lililopandishwa juu ya mawe uani, betri imetolewa na funguo zimefungiwa sandukuni, halimdhuru mpita njia. Mwenye gari la namna hiyo, ambaye analitengeneza injini kwa miezi miwili, hatuwezi kumwambia kwamba amevunja sheria kwa kutokata bima ndogo. Ila ajue kwamba kama alikuwa na bima kubwa, ambayo hulipa pia wizi na moto, basi gari lake likiibwa pale uani au likiungua katika siku za pengo, hasara ni yake. Tena anaporudi kukata bima kubwa, kampuni inaweza kutaka gari likaguliwe upya, na punguzo alilokuwa akilipata kwa kutodai fidia linaweza kupotea.

Lakini ni magari mangapi katika mkoa huu hulala kweli? Hapa tutajisema wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nasi tuliwahi kuiacha bima ikakatika, tukaapa kwamba gari halitatoka mpaka mwisho wa mwezi. Usiku wa tatu jirani alikuja kugonga mlango. Binti yake ameshikwa na uchungu wa uzazi na hali si nzuri. Nani angesema subiri nikate bima? Tulitoka. Tulifika hospitali salama na mtoto akazaliwa, alhamdulillahi. Lakini katika njia ile ya giza kila mtu aliyekatiza mbele ya taa zetu alituonesha jambo ambalo hatukulifikiria wakati wa kupiga hesabu. Gari la Mwafrika si la peke yake. Ni la mgonjwa, la maiti, la bibi harusi na la mwenyekiti wa kijiji. Anayeahidi kuliegesha anatoa ahadi ambayo majirani zake hawataweza kumwacha aitimize.

Kwa wananchi wa visiwani tuna neno maalumu. Hawa hawahitaji kufundishwa na sisi kwamba hatari haipimwi kwa urefu wa safari. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka umbali mdogo tu kabla ya kufika gatini, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Tunaitaja siku hiyo kwa heshima ya marehemu, si kwa kufananisha mambo yasiyofanana. Tunachotaka kusema ni kwamba neno "kidogo tu" halina uzito mbele ya ajali. Pengo la siku 10 ni kidogo tu, na safari ya kutoka nyumbani hadi mwaloni ni kidogo tu, lakini ajali moja hutosha kuyakutanisha mambo hayo mawili.

Tunajua pia kwamba mkazi wa kisiwani ana udhuru ambao mkazi wa Musoma hana. Wakala wa bima anaweza kuwa ng'ambo ya maji, ziwa likichafuka siku inapotea, na mtandao wa simu una siku zake. Yeye ashike kanuni moja: bima isingojwe ife ndipo itafutwe. Aiulize wiki tatu kabla. Bima mpya inaweza kulipiwa mapema na kuandikwa ianze pale ya zamani inapokoma. Kwa hiyo anayewahi hapotezi hata siku moja. Akishalipa, asiridhike na risiti. Aingize namba ya gari katika simu athibitishe kwamba bima imesajiliwa, maana wako matapeli wanaouza karatasi tupu.

Barabara zetu hazina huruma. Bado tunaikumbuka Septemba 2014, mabasi mawili yalipogongana eneo la Sabasaba katika wilaya ya Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa kwa dakika chache. Hatuitaji ajali hiyo kwa habari ya bima ya magari yale, bali kwa sababu inaonyesha jinsi siku moja inavyoweza kuzaa madai ambayo hakuna mwenye gari hata mmoja, awe tajiri namna gani, angeweza kuyabeba peke yake. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari inapita katika mkoa huu, nayo hubeba mabasi, malori ya kwenda Kenya, Noah, pikipiki, ng'ombe na watoto wa shule kwa pamoja. Gari la kwetu linalovuka mpaka wa Sirari hutakiwa liwe na kadi ya njano ya COMESA, na mwenye gari huitafuta bila kunung'unika kwa sababu anajua hatapita bila hiyo. Tunauliza: je, mtoto wa Kenya anastahili kukingwa na gari letu kuliko mtoto wa Nyamuswa?

Sasa tugeukie upande wa Serikali, kwa maana si haki mzigo wote kuutupa kwa raia. Manung'uniko ya wananchi kwamba makampuni ya bima huwahi kupokea na huchelewa kulipa si ya kupuuzwa. Mtu aliyezungushwa miaka miwili akidai fidia hatakuwa mhubiri mzuri wa bima kijijini kwake. Ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya mwaka 2009, kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo. Lakini ofisi ambayo mwananchi wa Irugwa au Rukuba haijui ni sawa na ofisi isiyokuwapo. Viongozi wa Chama na Serikali katika kata waitangaze katika mikutano kama wanavyotangaza chanjo na mbolea.

La pili, ada ifuate mapato ya watu. Mkulima angepewa nafasi ya kulimbikiza ada yake kidogo kidogo kwa simu, kama anavyolipia mambo mengine, ingekuwa imekamilika kabla bima haijakoma. Vyama vya ushirika, vikundi vya wavuvi na vyama vya waendesha pikipiki vingeweza kuwakusanyia wanachama wao ada hizo msimu ukiwa mzuri. Tunaiomba Mamlaka, kupitia ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, iliangalie jambo hili pamoja na makampuni.

La tatu, tujifunze kwa wengine pasipo kuiga kila kitu. Uingereza, iliyoweka sharti la bima ya gari mwaka 1930, tangu mwaka 2011 inamtaka mwenye gari afanye moja kati ya mawili: awe na bima wakati wote, au atoe taarifa rasmi kwamba gari limeondolewa barabarani. Tena huko, tangu mwaka 1946, kuna chombo cha pamoja cha makampuni ya bima kinachowalipa walioumizwa na magari yasiyo na bima. Kwetu, aliyeumizwa na gari la namna hiyo kwa kawaida hubaki akimtazama mwenye gari, na mwenye gari akiitazama ardhi. Kwa kuwa usajili na bima sasa vimo mitamboni, si jambo gumu kumpa mwananchi njia nyepesi ya kutoa taarifa kwamba gari lake limeegeshwa, na kumkumbusha kwa ujumbe wa simu kabla bima haijakwisha.

La nne linawahusu maofisa wenyewe. Kiongozi hawezi kumkemea mwenye pikipiki kwa kukosa bima huku gari analolisimamia liko njiani katika hali ile ile. Kama gari la mradi au la ushirika bima yake inamalizika Julai, na mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, ofisa mwangalifu huitengea fungu mapema. Hangoji fedha mpya zishuke ndipo aandike dokezo. Anayesubiri ameacha pengo kama mvuvi wa mbalamwezi, ila yeye hana udhuru wa mbalamwezi.

Jibu letu basi ni hili. Gari linalotembea, au linaloweza kuombwa litembee usiku wa dharura, lisiachwe bila bima hata siku moja. Mwenye gari asiye na fedha ya bima alipandishe juu ya mawe kwelikweli, na funguo ampe mtu asiyeweza kumbembeleza. Mwenye bima inayokwisha mwezi huu aanze leo kuweka shilingi zake pembeni. Na Serikali iufanye wajibu huu uwe mwepesi kutimizwa kabla ya kuufanya uwe mkali kuadhibiwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Pengo la bima ni ufa wa shilingi 323 kwa siku, na ukuta utakaohitajika kujengwa unaweza kuwa maisha ya mtoto wa jirani.